Ndege ya Saa Nne na Nusu

Osward Simbeye alikuwa ameshadanganya mara tatu tangu akamatwe, na mara zote alidanganya jambo lilelile: kwamba Alhamisi mchana kutwa alikuwa Dar es Salaam.

Jumatatu asubuhi Inspekta Gwantwa Kibona alimketisha tena katika chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi Tunduma, akaweka karatasi mezani na kuigeuza ili aisome. Ilikuwa pasi ya kupandia ndege. Koplo Jairo alikuwa ameikuta kwenye bitana ya koti la mtuhumiwa, imekunjwa hadi ikawa ndogo kama kiberiti.

"Soma tarehe, Mwalimu."

Osward hakuigusa. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya mjini, mtu mwembamba, shati lake bado limefungwa vifungo hadi shingoni baada ya siku tatu mahabusu.

"Basi nitasoma mimi," Gwantwa alisema. "Dar es Salaam kwenda Songwe. Alhamisi. Kuondoka saa nne na nusu asubuhi. Jina lako hili hapa. Sasa nirudie ile hadithi kwamba ulikuja na basi la usiku?"

"Nilisaini mahudhurio ya mafunzo siku ile."

"Ulisaini saa mbili asubuhi. Karatasi ya mahudhurio wametutumia. Mchana hukusaini."

Nje, malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka kwenda Zambia yalisogea hatua chache, yakasimama tena. Jairo, aliyekuwa ameegemea mlango, alijikohoza. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Na ilionekana hivyo. Alhamisi mchana Gibson Silwimba, wakala wa forodha anayejulikana pande zote mbili za mpaka, alikutwa amelala kifudifudi uani kwake, amepigwa kisogoni kwa mchi wa kinu. Hakufa, lakini mpaka Jumatatu hiyo alikuwa hajafumbua macho. Mkewe Roda aliandika maelezo jioni ileile. Alisema alitoka kwenda kununua chumvi, na saa nane kasoro robo, akiwa njiani kurudi, alimwona Osward anaingia getini kwake. Alimjua vizuri: ni mume wa Enesi, karani wa ofisini kwa Gibson.

Mwanzoni hakuna aliyemsadiki, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba Osward yuko Dar kwa mafunzo ya wiki mbili. Ijumaa asubuhi askari wa uwanja wa ndege wa Songwe walimkuta Osward huyohuyo kwenye foleni ya kurudi Dar. Tangu hapo maneno ya Roda hayakuulizwa tena. Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Timotheo, alitaka jalada liwe limekamilika kabla ya saa kumi, na shtaka alikwishalitaja: kujaribu kuua.

"Mwalimu," Gwantwa alisema, "umefichia nini safari hii? Mtu aliyekuja kuua angeichana karatasi hii. Wewe umeikunja ukaishonea."

Osward aliangalia meza.

"Sikutaka mke wangu aione."

"Aone nini?"

"Kwamba nilikuja."

Alinyoosha mkono kuelekea simu yake, iliyokuwa ndani ya mfuko wa vielelezo. Kwa siku tatu alikuwa amekataa kutoa namba ya siri. Sasa aliitaja taratibu, na Jairo akaiandika daftarini kabla ya kuvaa glovu na kuifungua simu. Ujumbe ulikuwa bado upo. Ulitumwa Alhamisi saa moja asubuhi, kutoka namba ya Zambia.

*Mwl Osward, mkeo na Gibson leo saa 8 mchana watakuwa nyumbani kwa Gibson, mke wake hayupo. Kama wewe mwanaume panda ndege ya saa 4 na nusu. Ndege ni saa moja na dakika ishirini tu. Kabla ya saa 6 uko Songwe, saa 8 kasoro uko getini. Utawakuta.*

"Ukaja," Gwantwa alisema.

"Nikaja."

"Bila kumpigia mkeo?"

"Nilimpigia. Nilimwambia naingia darasani, nitazima simu." Alivuta pumzi. "Afande, kila jioni Gibson anamshusha na gari lake. Mimi nasimama dirishani. Nahesabu tangu gari linaposimama mpaka mlango wake unapofunguka. Siku nyingine sekunde kumi. Siku nyingine arobaini. Watu wa ofisi moja wameshinda pamoja kutwa, hizo arobaini wanaambiana nini?"

"Uliwahi kumuuliza?"

"Alisema wanamalizia maneno."

Jairo alishindwa kuvumilia. "Afande, hesabu si hiyo imekaa yenyewe? Ndege iondoke saa nne na nusu, itue saa sita kasoro dakika kumi. Barabara mpaka hapa saa mbili. Saa nane kasoro dakika kumi. Mama Roda amemwona kasoro robo. Zimepishana dakika tano tu."

"Imekaa mno," Gwantwa alisema. Akamgeukia Osward. "Ulifika mjini saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Nilikuta watu wamejaa mtaani kwao na gari la polisi liko pale. Mmoja akasema Gibson ameuawa. Nikajua wa kwanza kutafutwa nitakuwa mimi. Nikarudi Vwawa, nikalala gesti, asubuhi nikaenda uwanjani."

"Saa tisa na nusu," Jairo alirudia. "Ndege gani hiyo inayotembea kama trekta?"

Gwantwa alikuwa ameshachukua simu ya mezani. Pasi ilisema ndege ilipangwa kuondoka saa ngapi. Haikusema iliondoka saa ngapi.

Aliunganishwa na ofisa wa zamu pale uwanja wa Songwe, akajitambulisha, akauliza, akasubiri. Alisikia kurasa zikifunuliwa.

"Alhamisi tulikuwa na ukungu, Inspekta," ofisa alisema. "Ulikaa chini mpaka karibu adhuhuri. Ile ya asubuhi ilizuiwa kulekule Dar. Iliruka saa sita na dakika ishirini."

"Ikatua?"

"Saa saba na dakika arobaini."

Gwantwa aliandika, akamshukuru, akaweka simu chini. Kisha akamuuliza Osward swali moja tu: nani alimtoa uwanjani.

"Teksi nyeupe. Dereva anaitwa Lusubilo, wa kijiwe cha Vwawa. Nilikuwa namhimiza kukimbia mpaka akapigwa tochi ya trafiki Vwawa kwa mwendo kasi."

Nje ya chumba, kwenye benchi la ukutani, Enesi alikuwa amekaa na chombo cha chakula magotini. Alikuwa amekuja hivyo kila siku. Alisimama alipomwona inspekta.

"Anakula?"

"Anakula," Gwantwa alisema. "Alhamisi mchana ulikuwa wapi, dada?"

"Mpakani, kwenye dirisha la nyaraka. Nilipanga foleni tangu saa sita mpaka saa tisa, wenzangu wote waliniona. Nimeshaandika hayo."

"Gibson alikwenda kula nyumbani?"

"Anakwenda kila siku. Mke wake hapendi ale mjini." Alisita. "Hapendi mambo mengi. Aliwahi kuja ofisini akanusa kiti changu, nikiwa nimekikalia."

Gwantwa na Jairo walikwenda Vwawa na gari la kituo. Foleni ya malori ilianzia mjini ikapita Mpemba, na iliwachukua nusu saa kuimaliza. Baada ya hapo barabara ilifunguka, wakaikamata spidi kati ya mashamba ya mahindi yaliyokauka. Kutoka Tunduma hadi Vwawa ni kilomita arobaini kasoro, na kutoka Vwawa hadi uwanja wa ndege ni kama nyingine arobaini na ushee. Jairo aliangalia saa yake mara mbili njiani.

Lusubilo walimkuta kwenye kijiwe cha teksi, anafuta vioo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu, na alipoona sare alidhani wamefuata deni la faini.

"Nitalipa wiki hii, afande."

"Hatudai. Tuonyeshe karatasi yenyewe."

Alitoa karatasi kutoka nyuma ya kibao cha kukinga jua. Ilikuwa imechapwa na mashine ya askari wa barabarani: namba ya gari, mwendo uliozidi, mahali, siku. Vwawa, Alhamisi, saa nane na dakika arobaini mchana.

"Ulimbeba nani?"

"Jamaa mmoja mwembamba, wa koti. Alitoka nje wa kwanza kabisa, hana begi. Tumeondoka saa nane kasoro kidogo. Ananipelekesha kweli. Namwambia bro, hapa kuna tochi, yeye anasema endesha tu." Lusubilo alitikisa kichwa. "Njia nzima anapiga hesabu kwa sauti. Kilomita hizi, spidi hii, tutafika saa ngapi. Nikamuuliza kama anawahi msiba. Akasema bado."

"Mlifika Tunduma saa ngapi?"

"Malori yalitukamata Mpemba. Tisa na nusu hivi."

Jairo aliishika ile karatasi ya faini kwa muda mrefu. Alitoa daftari lake na kufungua ukurasa alimonakili kitabu cha mapokezi cha hospitali. Majirani walimkimbiza Gibson kwa bajaji. Mapokezi waliandika saa aliyofikishwa: saa nane na dakika ishirini na tano.

"Alikuwa ameshalazwa," Jairo alisema, "na huyu bwana hajafika hata Vwawa."

"Ndiyo."

"Sasa Mama Roda alimwona nani?"

Gwantwa alifungua mlango wa gari. "Panda. Hilo ndilo swali letu lakini umeliuliza nusu. Mtaa mzima ulijua Osward yuko Dar. Mkewe alijua yuko Dar. Mtu anayetaka kutunga jina la kumsingizia angetaja mtu aliyepo mjini. Roda akataja mtu aliye umbali wa kilomita mia saba kwa njia ya anga, na kweli mtu huyo siku hiyo alikuwa anakuja. Alijuaje?"

Walikuwa wamefika Mpemba Jairo alipojibu. "Mwenye ujumbe," alisema.

"Mwenye ujumbe. Alisoma mahali kwamba ndege ni saa moja na dakika ishirini, akaongeza barabara saa mbili, akapata saa nane kasoro. Akampiga mumewe saa hiyo. Ukungu hakuuhesabu."

Gibson Silwimba alikuwa amelazwa kwenye chumba cha pembeni, kichwa kimefungwa bendeji nyeupe, mpira wa chakula puani. Roda alikuwa amekaa karibu naye, anamkanda vidole kwa mafuta. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, mwenye duka la vitenge Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Manesi walimsifu: hakuwa amekwenda nyumbani tangu Alhamisi, na hakuruhusu mtu mwingine amgeuze mgonjwa.

Gwantwa aliomba muuguzi abaki kando ya kitanda. Kisha akamwita Roda pembeni, karibu na dirisha la chumba hichohicho. Jairo na askari wa kike waliyemchukua kituoni walisimama mlangoni.

"Pole na kuuguza, Mama Faith," Gwantwa alisema, kwa jina la binti wa kwanza wa Roda, kama majirani wanavyomwita.

"Nimeshapoa, afande. Mmeshampeleka mahakamani?"

"Bado. Nataka unihakikishie saa. Ulisema saa nane kasoro robo."

"Kasoro robo. Nilitazama simu."

"Na ulimwona uso?"

"Uso, koti, kila kitu. Alinipita kama hivi."

"Saa hiyo Osward alikuwa ndio kwanza ametoka kwenye ndege, kule Songwe. Ilichelewa kwa ajili ya ukungu. Ilitua saa saba na dakika arobaini."

Roda hakubadilika uso. Alifikiri kidogo tu, kama muuzaji anayetafuta chenji.

"Basi simu yangu ilikuwa imeshika mtandao wa Zambia. Inafanya hivyo. Inarudi nyuma saa nzima."

"Nililifikiria hilo. Saa nane kasoro robo ya Zambia ni saa tisa kasoro robo ya hapa. Saa tisa kasoro robo mumeo alikuwa kwenye kitanda hiki na wewe kwenye kiti kile. Muuguzi ameandika kwamba wewe ndiye uliyemvua viatu."

Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda aliinua macho, akayashusha.

"Labda nilimfananisha," Roda alisema.

"Ungeweza kumfananisha mtu na yeyote aliyepo Tunduma. Ulimfananisha na mtu uliyejua anakuja. Ujumbe aliotumiwa umetoka namba ya Zambia. Wenzetu wa Nakonde wanatafuta kibanda kilichouza laini hiyo, na wewe unajulikana kwenye vibanda vyote. Halafu kuna mchi. Tuliukuta umeoshwa, umerudishwa ndani ya kinu. Mtu aliyetoka Dar na wivu wake asingeosha vyombo vyako."

Roda aligeuka akamtazama mumewe kitandani. Gwantwa alimweleza kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa.

"Andika," Roda alisema. "Miaka kumi na tisa namfulia mashati. Hakuwahi kuuliza lipi limepigwa pasi. Mwaka huu anauliza. Asubuhi anajigeuza mbele ya kioo, anauliza kola imekaa? Mezani anasema Enesi anajua kupanga mafaili, Enesi ana mwandiko, Enesi amewajibu Wazambia kwa Kibemba mpaka wakacheka. Nampikia maharage na nyama, anakula huku anasimulia Enesi."

"Uliwakuta pamoja?"

"Wapi? Ningewakuta ningelia yakaisha." Alijifuta mafuta mikononi kwa pindo la kitenge. "Alhamisi nilisema, leo nitamsikiliza mara ya mwisho. Akija akala akanyamaza, namwacha. Mwalimu atakuja, atakuta mtu anakula chakula cha mchana na mimi mkewe, atarudi na aibu yake. Gibson akala. Akanawa. Akasimama uani anachokoa meno, akasema, Enesi leo anahangaika kwenye foleni, masikini, ningempelekea hata soda."

Hakumalizia, na Gwantwa hakumlazimisha. Askari wa kike alisogea, akamshika kiwiko bila nguvu. Mlangoni Roda alisimama.

"Naomba kitu kimoja."

"Sema."

"Akizinduka, msimruhusu yule mwanamke awe wa kwanza kumwona."

Walipotoka, muuguzi alivuta kiti kile karibu na mgonjwa akakikalia mwenyewe.

Afande Timotheo alisoma kurasa nne za Gwantwa akiwa amesimama, akarudi kwenye ile karatasi ya tochi, akaisoma tena. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Alisema neno moja tu, "Mwachie," akatia saini.

Osward alirudishiwa mkanda, koti na simu. Alitaka kujua ni nani aliyemwandikia, akaambiwa. Alitaka kujua na jambo la pili.

"Kwa hiyo hakukuwa na kitu kati yao?"

"Mwalimu, mimi nilitafuta nani alishika mchi," Gwantwa alisema. "Hilo lingine unaye wa kumuuliza. Yuko nje."

Enesi alikuwa amesimama kando ya benchi, mkoba begani. Jairo alikuwa amemweleza yote, kwa kuwa alikuwa na haki ya kujua kwa nini mumewe alikamatwa na kwa nini ameachiwa. Alimtazama Osward kuanzia viatu hadi ndevu zilizoota, akamkabidhi chombo cha chakula, na yeye akakipokea kwa mikono miwili.

"Umekonda," Enesi alisema.

"Enesi, nisamehe. Nilipata ujumbe, nika..."

"Nimeambiwa. Ulipata ujumbe saa moja, saa nne uko uwanjani."

"Ndiyo."

"Februari ulikuwa hukohuko Dar. Nilikupigia saa kumi na mbili alfajiri kukuambia mama amefariki. Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane, kwetu Isongole. Ukaniambia Dar ni mbali, huwezi kuwahi." Sauti yake haikupanda. "Nikawaambia ndugu zangu hivyohivyo. Kaka yangu akaniuliza, kwani hakuna ndege? Nikakutetea. Nikasema ndege mara nyingi zinajaa."

Osward aliinamia chombo cha chakula.

Enesi alirekebisha mkoba begani. Gari la Isongole lilikuwa linapakia ng'ambo ya barabara, na kondakta alikuwa anaita abiria wawili wa mwisho. Enesi alipenya kati ya malori mawili yaliyosimama, akapanda, akakaa upande wa pili, ule usioonekana kutoka kituoni.

Gwantwa aliona hayo kutoka mlangoni. Alisubiri Osward amfuate mkewe. Osward alibaki palepale kwenye ngazi, chombo cha chakula mikononi, mpaka gari lilipoondoka, na hata lilipokwisha kuondoka.